Kabla Hujapandikiza Nywele, Jua Kwanza Zilivyoondoka

Wiki ya harusi ya binti wa shangazi yangu nilikaa kwa msusi mtaa wa Bondeni, Mombasa, tangu saa tatu asubuhi. Alipofika kando ya paji alinyamaza, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini wengine wasisikie: "Dada, hapa hakuna nywele za kushika." Kidole chake kilikuwa juu ya sikio langu la kushoto. Usiku nilivua ushungi mbele ya kioo nikawasha taa. Juu ya masikio yote mawili ngozi ilikuwa laini, inang'aa, upana wa vidole viwili. Mbele kabisa ulibaki mstari mmoja wa nywele fupi nyembamba, kama za mtoto mchanga.

Nikazifunika. Miaka miwili nilizifunika, nyumbani na kazini, na hata mume wangu sikumwacha aguse upande ule. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema wazee, na katika maradhi haya kinachokufa ni mashina ya nywele, moja baada ya jingine, huku wewe umejitanda vizuri.

Sasa ni mwaka wa nane. Nimepaka dawa, nimechomwa sindano za kichwani, nimevaa wigi, na nimemuuguza kaka yangu aliyerudi kutoka Istanbul amepandikizwa nywele. Ndiyo maana watu huniuliza: "Dada, operesheni au dawa?" Wengi hunitajia bei kabla hawajanitajia ugonjwa, na hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Kwa macho, kunyonyoka nywele ni jambo moja. Chini ya ngozi ni mambo mengi. Daktari wa ngozi niliyemwendea mwishowe alichukua lenzi ndogo yenye taa, akaigusisha kichwani, akasogea nayo polepole kutoka sikio hadi sikio. Aliniuliza nikisukwa huumwa siku ngapi. Aliniuliza kama utosi huwasha, kama nimejifungua karibuni, kama nilipata homa kali miezi mitatu nyuma, kama mamangu na khalati zangu wana upara. Kila swali lilikuwa na sababu. Nywele zikiondoka miezi miwili mitatu baada ya uzazi, malaria kali au upasuaji, kwa kawaida hurudi zenyewe, na anayekuuzia operesheni wakati huo anakula pesa zako. Viraka vya mviringo vinavyozuka ghafla mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina, na hata yaliyopandikizwa yanaweza kushambuliwa vilevile. Mwanamke anayepukutika kuanzia utosini kwenda nje, kichwa kikimwasha au kumchoma, huenda ana ugonjwa unaoacha makovu chini ya ngozi. Huyo hukatwa kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara, na upandikizaji haufikiriwi mpaka ugonjwa uwe umelala kwa muda mrefu. Mtoto mwenye viraka vya magamba mara nyingi ana mapunye, yaani kuvu, na hayo hutaka dawa ya kunywa. Ya kupaka peke yake haifiki shinani.

Mimi yangu ilikuwa kuvutwa. Miaka ishirini ya rasta na mistari iliyokazwa, nywele za bandia (weave) zimeshonwa juu yake, na ushungi uliobanwa kwa pini juu ya fundo la nywele. Nywele zilizovutwa hurudi ukiacha mapema. Ukiendelea miaka na miaka, shina hugeuka kovu, na juu ya kovu hakuna mafuta wala dawa inayootesha kitu. Nilikuwa katikati: kwenye paji mashina yalikuwa hai, juu ya sikio la kushoto pamekwisha.

Kabla ya daktari huyo, kliniki moja ilikuwa imenipigia hesabu ya upandikizaji kwa picha tatu za WhatsApp. Hawakuuliza kama bado nasuka. Hawakuuliza kuhusu makovu, nami kwenye ndewe ya sikio la kulia nina keloidi, yaani kovu lililovimba na kukua, ya ukubwa wa kunde tangu nilipotogwa. Kichwa cha mtu wa keloidi hakitobolewi mamia ya matundu kwa kuamuliwa kwenye simu. Walitaka malipo ya awali siku ileile, ati bei ingepanda. Namshukuru Mungu sikuwa nazo.

Kwa hivyo njia yangu ikawa ya bila kisu. Kwanza niliacha kusuka kabisa mwaka mzima, na kuliko chochote nilichonunua, hilo ndilo lililonisaidia zaidi. Kisha minoksidili ya kupaka. Dawa hii ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, madaktari wakaona wagonjwa wao wanaota nywele mahali zisipotarajiwa. Marekani iliiruhusu kupakwa kichwani kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991. Wiki ya nne nywele zilinyonyoka kuliko mwanzo, nikalia kitandani. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba nywele zilizofika mwisho wa umri wake huanguka kwanza zikapisha mpya. Wengi huiacha dawa hapohapo. Mimi nilivumilia, na mwezi wa tano, nikiwa natia wudhu, nilihisi kitu kinakwaruza vidole kwenye paji. Zilikuwa fupi kama ndevu za kijana, lakini zilikuwa zangu.

Joto letu la Mombasa linataka mpango wake. Asubuhi dawa huoshwa na jasho kabla hujafika stesheni ya matatu. Mimi hupaka baada ya isha, kichwa kikavu, feni imewashwa, wala silali mpaka ikauke, kwani ikihamia kwenye mto itahamia na usoni, na vinyweleo vitaota mashavuni. Halafu kuna paka. Sisi wa Mji wa Kale paka huingia na kutoka nyumbani wapendavyo, na minoksidili ni sumu kali kwao. Kulamba kidogo tu kunaweza kuua. Osha mikono, funga chupa, usimwache paka alale kwenye mto wako. Mja mzito na anayenyonyesha wasiitumie. Na mwenye upara wa ukoo ajue kwamba akiiacha, alichokipata kitaondoka katika miezi michache. Ni gharama ya maisha, ihesabu hivyo.

Nilidungwa pia damu yangu mwenyewe. Hutolewa mkononi, huzungushwa kwenye mashine mpaka maji ya manjano yajitenge, kisha maji hayo hurudishwa kichwani kwa sindano nyingi ndogo. Nilifanya mara tatu, kila baada ya mwezi. Inauma, hasa juu ya masikio. Kwa kuwa minoksidili ilikuwa inaendelea, siwezi kuapa ni ipi iliyofanya kazi. Ningekuwa na pesa za kitu kimoja tu, ningenunua chupa.

Mafuta ya nazi napaka mpaka leo, kama bibi alivyonipaka. Huulainisha unywele usikatike. Kukatika na kunyonyoka ni mambo mawili: unywele uliokatika hauna mzizi, ulionyonyoka una kidoti cheupe mwishoni. Nazi na habasoda hazijafufua shina la mtu niliyemwona mimi.

Habari ya kaka ni nyingine. Yake ni upara wa ukoo, ule ambao homoni iitwayo DHT hunyausha mashina ya mbele na ya utosini ikayaacha ya kisogoni na kandoni. Operesheni yote imesimama juu ya jambo hilo. Daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa kwenye upara huendelea na tabia ya kule zilikotoka. Na neno letu la kupandikiza lasema kweli kuliko matangazo: ni kama mpunga, wang'oa miche kitaluni wapanda kwingine. Hakuna mche mpya uliozaliwa. Kisogo ndicho kitalu, kikiisha kimeisha.

Ndiyo sababu alipokwenda na miaka 25 daktari alimkatalia. Upara wake ulikuwa bado unatembea. Angepandikiziwa mbele wakati ule, nyuma kungeendelea kurudi, abaki na kisiwa cha nywele pajini na bahari ya upara nyuma yake. Alinuna miaka. Alikwenda ana 39, mashina 2,300 yakachomolewa moja moja kwa njia ya FUE, kwa tundu lisilozidi milimita 1, kutwa nzima akiwa macho kwa sindano za ganzi. Wenzangu wenye nywele za kipilipili, hapa msikie: nywele zetu hujikunja hata chini ya ngozi, na chombo kikishuka wima hukata mzizi. Daktari wake alichomoa machache kwanza, akayatazama kwa lenzi kama yametoka mazima, ndipo akaendelea. Muulize wako kama hufanya hivyo. Ile njia ya zamani ya kukata ukanda mzima wa ngozi huacha kovu la mstari kisogoni, na kwa mwanamume anayenyoa karibu na ngozi litaonekana.

Akafikia kwangu. Usiku kumi alilala nusu ameketi kwenye kochi, mito mitatu mgongoni, shuka jeupe limetapakaa madoa ya damu kama mbegu za ufuta. Nilimnyunyizia maji ya chumvi aliyopewa na daktari mpaka magamba yalipolainika. Hakuruhusiwa jua, na yeye kazi yake ni bandarini Kilindini, kofia ngumu kichwani kutwa, kwa hivyo aliomba likizo kamili. Wiki ya tatu, ameshahamia kwake, simu ililia saa sita usiku: "Dada, zimeanguka zote." Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nilimwambia alichoniambia daktari wake: unywele huanguka, shina hubaki, ngoja mwezi wa nne. Akangoja. Mwezi wa nne ziliota, na mwaka ulipotimia mamangu alimshika kichwa kwa mikono miwili, hakusema neno.

Hata hivyo bado anameza finasteridi, miligramu 1 kila siku, dawa iliyoruhusiwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Zilizopandikizwa haziihitaji. Zinazoihitaji ni zile za asili zilizo nyuma yake. Baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa wakiitumia, basi mzungumze na mkeo na daktari kabla, wala usifiche ikitokea. Mja mzito asishike kidonge kilichovunjika. Na ukipimwa damu ya tezi dume, sema unaimeza, maana hushusha kipimo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza operesheni au dawa, humuuliza nywele zimeondokaje, zimetulia tangu lini, na kitalu kina nini. Upara wa ukoo uliotulia, kisogo kizito, mwili usio na keloidi: huyo namwambia operesheni ni jambo la heshima, aweke akiba. Aliyebaki namwambia aanze kwa daktari wa ngozi. Kama ni hapa Kenya, jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, kisha umuulize ana kwa ana nani hasa atakayetoboa, yeye au wasaidizi.

Wigi sioni aibu nayo, ila gundi yake juu ya ngozi dhaifu huendeleza ugonjwa uleule. Unga wa nyuzi wa kuziba upara haustahimili joto la Februari, jasho huushusha shingoni. Vidoti vya chale vya kuigiza nywele, na wigi za nywele za watu, Waislamu wenzangu wakamwulize shekhe kabla ya kulipa, kama nilivyomwuliza wangu.

Wiki iliyopita binti wa jirani, miaka 19, alikuja barazani amesuka rasta mpya. Kwenye mstari wa paji alikuwa na vipele vidogo vyeupe, kimoja kwenye mzizi wa kila msuko, na ngozi imenyanyuka kama kambakamba. "Shangazi, nimekunywa Panadol mbili nipate usingizi," akaniambia, huku akitabasamu kwa kuwa zimempendeza. Nikamtandikia mkeka, nikaleta kitana na bakuli la mafuta ya nazi. Tulianza na za mbele, tukafumua mpaka adhana ya isha.