Kabla Hujalaumu Jicho la Watu, Onja Maji Unayomwagilia

Jana baada ya isha nimepata meseji ya dada mmoja wa Likoni, ananiuliza mbona mnanaa wake unaungua kingo za majani na anaumwagilia asubuhi na jioni, au ni jicho la watu. Niliisoma mara mbili nikaskia uchungu, manake miaka miwili nyuma na mi nilikuwa nauliza hivohivo. Na imenikuta wiki ileile nimechimba manjano yangu, ndoo mbili zimejaa mpaka juu, na tangawizi karibu ndoo moja, hapahapa uani kwangu Kisauni, Mombasa. Kwa hivo dadangu nakujibu hapa na wengine wasome, manake najua tuko wengi tunaotaka kitu kimoja, mtoto akianza kukohoa usiku utoke na tochi uchume kivumbasi chako na mchaichai wako mwenyewe, usingoje duka lifunguliwe.

Mi nilianza Januari 2023. Kaskazi imekamata, jua la kupasua kichwa, na mi ndo napanda. Hakuna aliyeniambia kitu na mi sikuuliza mtu, nilikuwa na hamu tu. Nikanunua miche ya mnanaa, mrehani, kivumbasi na mchaichai, mshubiri nikapewa na jirani, tangawizi nikaenda kuchagua soko la Kongowea. Wiki mbili za kwanza uani palikuwa panapendeza wallahi, kila anayeingia lazima ashike jani anuse.

Sa kwetu maji ya mfereji yakija mara mbili kwa wiki mshukuru, kwa hivo nikawa namwagilia maji ya kisima. Kisima chetu ni kama visima vingi vya Mombasa, maji ya chumvi, ya kuoga na kufua, kunywa hatunywi. Wiki ya tatu nikaona kingo za majani ya mnanaa zimekuwa kahawia kama zimepitiwa na moto, ncha kwanza, halafu pembeni, halafu jani zima linajikunja. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Likaungua zaidi, nikaongeza tena. Akaja jamaa anayeuza miche na kujiita mtaalamu, akaangalia dakika mbili tu, akaniambia udongo hauna nguvu, akaniuzia mfuko wa mbolea ya dukani kwa shilingi 3,500. Nilitia ile mbolea yote jamani. Siku kumi haikubaki kitu ila mshubiri. Nikampigia simu, hakushika, na mpaka leo hajashika. Hizo pesa nilikuwa nimeziweka za viatu vya shule vya mwanangu, kwa hivo bado zinaniuma.

Aliyenifungua macho ni nyanya yangu. Alikuja kunitizama, akakaa uani kwenye kibao cha mbuzi akaangalia mitungi niliyoikata nikapandia, kwenye ukingo wa udongo pana kitu cheupe kimeganda kama unga. Akakikwangua kwa ukucha akakitia ulimini. Akatema. "Mjukuu wangu hii chumvi. Maji ya kisima hiki wewe wayanywa?" Nikamwambia la. "Basi huu mnanaa wataka unywe vipi?"

Nilikaa chini. Miezi mitatu natafuta majibu kwa simu, kumbe jibu liko kwenye ulimi.

Kinachotokea ni hivi. Unamwaga maji ya chumvi, jua la kaskazi linayakausha, maji yanaondoka chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine juu yake. Ikizidi kwenye udongo mizizi inashindwa kuvuta maji, yani mmea unakufa kiu na udongo umelowa. Na ile mbolea ya dukani pia ni aina ya chumvi, ndo mana iliimaliza mimea iliyobakia. Kwa hivo dadangu wa Likoni kabla hujafanya chochote, onja maji yako. Yakiwa na chumvi usiyatumie kwa mnanaa kabisa. Toboa mashimo chini ya mtungi, umwagie maji matamu mengi kwa mpigo mpaka yatoke kwa chini yakaoshe ile chumvi, halafu anza upya. Kama kuna mizizi hai utachipua wenyewe.

Idi ya mwaka huo wifi yangu akasema mbele ya watu wote sebuleni, "huyu ameacha kushona nguo anazika pesa mchangani." Watu wakacheka. Mi nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vishaoshwa. Sijamjibu mpaka leo, ila juzi nimempelekea manjano ya unga kwenye chupa, akauliza nimenunua wapi.

Jaribio la pili lilikuwa vuli ya 2023, ile ya El Niño mnaikumbuka, barabara zimekuwa mito. Nilipanda tangawizi kwenye shimo la chini, maji yakasimama siku nne. Nilipozifukua zilikuwa zimelainika kama ndizi iliyooza na harufu yake siisahau. Tangawizi na manjano zapenda unyevu lakini kusimama majini haziwezi, inua tuta, hilo tu.

Mambo ya udongo nayo nilifunzwa na mtu mwengine. Tuliwapeleka watoto Haller Park pale Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya simiti, mwamba mtupu, na 1971 bwana René Haller akaanza kupanda mivinje. Majani ya mvinje yakawa yanaanguka hayaozi, akaleta majongoo, majongoo wakayala wakayageuza udongo. Leo pale ni msitu na twiga wanatembea. Nikasema kama jongoo ametengeneza udongo juu ya mwamba, mi nina mchanga na mawe ya matumbawe uani kwangu nashindwaje? Kutoka siku hiyo sijachoma jani hata moja. Naweka majani makavu, maganda ya jikoni, mavi ya mbuzi yaliyokaa miezi mpaka hayanuki tena, na majongoo nikiwaona nawaacha.

Basi 2024 nikafanya kwa adabu. Nikanunua tangi la lita 1,000 lililotumika, fundi akanifungia gata kwenye bati. Matuta nikayainua kwa mawe, juu nikaweka kivuli cha makuti, si kizito, jua lipenye. Nikangoja. Mwisho wa Machi mvua za kwanza za masika zilipoloweka udongo ndo nikapanda vipande vya manjano na tangawizi, kila kipande kina jicho lililovimba, kina cha vidole vitatu hivi. Karibu mwezi mzima sikuona kitu, nikawa nakwenda kutizama kila alfajiri, usifukue kuangalia, wacha. Juni mpaka Septemba ni kupalilia na kuongeza matandazo, na kuchuma vichwa vya maua ya mrehani ili uzidi kutoa majani. Vuli ilipopita majani ya manjano yakaanza kuwa ya njano na kulala chini, ndo dalili. Mwezi huu Januari nimechimba. Nilipovunja kidole cha kwanza ndani ilikuwa rangi ya machungwa iliyokoza, vidole vyangu viko hivo mpaka sasa. Nimeyachemsha mpaka kijiti kikaingia bila nguvu, nikayakata, yako kwenye jamvi yanakauka. Majani ya mrehani na mnanaa hayo kausha kivulini, jua litakula harufu yote.

Na nyinyi mnaolima dawa mumche Mungu. Jirani alikuja kuniomba shubiri ya bintiye mwenye mimba, nikamnyima, akanuna. Ule utomvu wa manjano wa shubiri unaendesha tumbo kwa nguvu, mjamzito asipewe. Na mgonjwa wa sukari anayemeza dawa za hospitali usimwambie aache eti una mwarobaini. Kama hujui sema hujui, mi jamaa wa mbolea alinidanganya mimea tu na bado nina kinyongo, sembuse aliyedanganywa afya yake.

Haya dadangu, sa hivi bado kaskazi, usipande kitu. Tafuta maji matamu, inua tuta, lundika majani, uyafunike. Vipande vya manjano vya mbegu nimekuwekea kilo moja kwenye kikapu barazani, kivulini. Siku ukivuka feri pitia uchukue, na uje na chupa ya maji ya kisima chako tuyaonje pamoja.