Maswali ya Wasomaji: Lazima Awepo Kuhani?

SWALI: Shikamoo, mwalimu wa safu. Mimi na wenzangu watatu, pamoja na kaka yangu ambaye ndiye msimulizi, hukutana kila Jumapili jioni juu ya duka la mjomba, Barabara ya 12, Ngamiani, tukacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, kwa kanuni za mwaka 2014. Hadithi yetu ya sasa inapita katika mapango ya Amboni. Mmoja wetu hataki fani, yaani aina ya mhusika, nyingine ila mbabe, wa pili ni mwanasihiri, wa tatu ni mjanja wa kufungua makufuli. Mimi, kwa kuwa ni mdogo wao, kila tukianza hadithi mpya naambiwa niwe kuhani, eti lazima awepo wa kutibu. Zamu yangu ikifika kila mtu anajua nitakalofanya: nitamtibu mbabe. Je, ni kweli kundi haliendi bila kuhani? Na wewe mwenyewe unapenda fani ipi?
Msomaji wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli. Kwa kanuni mnazotumia, mhusika aliyeishiwa alama za uhai hafi papo hapo. Zamu yake ikifika hurusha dadu la pande 20, akipata 10 au zaidi amefaulu, na akifaulu mara tatu kabla ya kushindwa mara tatu hali yake hutulia. Mwenzake yeyote mwenye mkoba wa tiba, unaouzwa sarafu 5 za dhahabu na kutumika mara kumi, anaweza kumtuliza bila kurusha dadu lolote. Dawa ya uponyaji hurudisha jumla ya dadu mbili za pande 4 na kuongeza 2, na anayeinywa haulizwi fani yake. Bei yake ni sarafu 50, ambazo si haba kwa wahusika wa ngazi ya 1, yaani wanaoanza, lakini mbabe anayetaka kutibiwa kila siku naye ana mfuko wake. Zaidi ya hayo, mapumziko ya saa moja humruhusu kila mmoja kurusha dadu zake za uhai, alizopewa na fani yake, kujirudishia alama za uhai, na mapumziko marefu ya saa 8 hurudisha alama zote.

Wenzako wanadhani wanafuata desturi ya tangu asili, na hapo ndipo wanapokosea. Mchezo huu ulipochapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na fani tatu tu, yaani mpiganaji, mwanasihiri na kuhani. Mwizi na paladini, yaani shujaa mtakatifu, waliongezwa mwaka 1975. Kuhani alizaliwa kwenye meza ya Arneson kabla ya uchapishaji huo, pale mchezaji mmoja aliyekuwa akicheza kama mnyonya damu alipopata nguvu kiasi cha kuwashinda wenzake, ikabidi atafutwe wa kumkabili. Ndiyo maana alivikwa deraya, akapewa rungu na uwezo wa kuwafukuza wafu wanaotembea. Katika kanuni za 1974 kuhani wa ngazi ya 1 hakuwa na dua hata moja. Ilimbidi apande ngazi ya 2 kwanza. Hao wanaokuambia kuhani ni wa kutibu wangemkuta yule wa mwanzo hana cha kuwatibia.

Kwa hiyo, kabla hujaiacha fani hii, ijaribu kwa namna nyingine. Chagua nyanja ya Dhoruba, tawi mojawapo la ukuhani, ambayo inakuruhusu kuvaa deraya nzito na, adui wa karibu akikupiga, kumrudishia radi ya dadu mbili za pande 8. Usimtibu mtu aliyekwaruzwa. Ngoja aanguke, ndipo utumie dua ya Neno la Uponyaji, ambalo hufika umbali wa futi 60 na ni kitendo cha ziada, maana yake kitendo chako kikuu kingali mkononi. Tuseme mbabe amelala kwenye mlango mwembamba wa pango na zimwi limemsimamia kichwani. Unatamka Neno, mbabe anafumbua macho akiwa na alama chache, na katika zamu hiyohiyo unalishushia zimwi rungu. Na mkumbushe bwana huyo kwamba uhai wake unahesabiwa kwa dadu la pande 12, kubwa kuliko la fani nyingine yoyote, na kwamba akipandwa na ghadhabu madhara ya silaha za kawaida humpata nusu. Katika meza yenu nzima, yeye ndiye mwenye haja ndogo kabisa ya kutibiwa.

Umeniuliza ninayempenda mimi. Ni malenga, fani ya mshairi anayefanya sihiri kwa maneno, wala sisiti. Wako wanaomcheka kwa sababu hana misuli ya mbabe wala kitabu cha mwanasihiri, lakini ndiye pekee ninayemjua ambaye hufanya zamu ya mwenzake iwe nzuri zaidi. Kwa kitendo cha ziada humpa mwenzake hamasa, yaani dadu la pande 6, ambalo huyo ataliongeza kwenye jaribio, shambulio au kinga moja ndani ya dakika kumi. Kasoro yake ni kwamba watu husahau kulitumia, hivyo usiliandike tu kwenye karatasi. Lichukue dadu lenyewe uliweke mezani mbele yake, alione. Halafu kuna dhihaka. Malenga hulirushia zimwi mpasho, nalo likishindwa kujikinga hupata madhara ya dadu dogo la pande 4, ambayo si kitu, lakini shambulio lake linalofuata hulazimika kurushwa kwa dadu mbili za pande 20 na kuchukua ile ndogo. Mtu aliyekulia Tanga akisikiliza taarabu hahitaji kufundishwa namna ya kutunga maneno hayo, na msimulizi mwenye busara atamdai ayatamke kwa sauti. Neno la Uponyaji pia limo katika orodha ya malenga, basi wenzako hawatakuwa na la kulalamikia.

Druidi, yaani kuhani wa maumbile, na paladini nao hutibu. Mtawa sijawahi kumpenda, nisamehewe.

Zungumza na kaka yako kabla ya hadithi mpya kuanza, msingoje kukubaliana mbele ya dadu. Pendekeza kwamba aliyechagua wa mwisho safari hii awe wa kwanza kuchagua safari ijayo.

SWALI: Mwanasihiri wangu wa ngazi ya 1 huanguka kabla ya wenzake wote. Nakosea wapi?
Msomaji wa Raskazone, Tanga

JIBU: Kwa kanuni hizohizo za 2014, uhai wake ni 6 na nyongeza ya ustahimilivu, wakati shoka la orki, adui katili wa mchezo huu, lina dadu la pande 12 na kuongeza 3, yaani wastani wa 9 na ushei, pigo moja linatosha. Baada ya akili, weka alama yako kubwa ya pili kwenye ustahimilivu. Umbali peke yake haukulindi, kwa sababu orki ana uwezo wa kumkimbilia adui kwa kitendo cha ziada, basi simama nyuma ya mpiganaji mahali penye njia nyembamba. Una nafasi mbili tu za sihiri kubwa kwa siku, na moja zaidi ukipumzika saa moja. Sihiri ya Usingizi huwalaza viumbe wenye jumla ya uhai wa dadu tano za pande 8, na orki ana 15, kwa hiyo mmoja kwa kawaida atalala. Akilala, asiguswe ovyo, kwa kuwa akiumizwa bila kufa ataamka. Mwachieni mjanja aanze: shambulio la karibu kwa aliyelala, likipata, hurushiwa dadu za madhara maradufu, zikiwemo zile za shambulio lake la kuvizia.