Wakili wa muuzaji atuandikie na sisi?

SWALI: Assalaam alaykum wakili. Mimi na mume wangu tumepata nyumba mtaa wa Shela hapa Malindi, shilingi milioni 4. Hati tumeonyeshwa, iko kwa jina la marehemu baba yake muuzaji. Anasema ndugu zake wote wameridhia. Anataka arubuni ya laki 8 wiki hii, na wakili wake atatuandikia sote ili tupunguze gharama. Tukubali?

JIBU: Waalaykum salaam mama. Msitoe hata shilingi kwanza.

Nianze na hilo jina la marehemu, maana hapo ndipo watu wengi huumia. Maiti hatii sahihi, na maneno ya ndugu hayahamishi umiliki. Sheria ya mirathi ya Kenya hairuhusu msimamizi kuuza nyumba wala ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wake. Kwa hiyo muulizeni muuzaji: je, mirathi imefunguliwa? Msimamizi ni nani? Hati ya kuthibitishwa iko wapi? Tena muulizeni kwa upole kama mama yao yu hai, na dada zao ni wangapi. Mtu akisema "ndugu zangu wote" mara nyingi anawahesabu wanaume tu. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na mabinti wana fungu lao. Yeyote kati yao aliyeachwa nje anaweza kwenda mahakamani baada ya nyinyi kuhamia na kupaka rangi.

Sasa wakili. Tafuteni wenu. Wa muuzaji analipwa na muuzaji, na siku mtakapokosana hawezi kusimama upande wenu dhidi ya mteja wake. Kabla ya kumkabidhi kazi, tazameni kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu. Hukatwa upya kila mwaka. Kisha mketi naye mmuulize: faili utalishika wewe mwenyewe au karani? Ada ni kiasi gani, na nini hakimo ndani yake? Ada ya wakili ni kitu kimoja, ushuru wa stempu ni kingine. Kwa nyumba ya mjini ushuru ni asilimia 4 ya thamani, yaani kwenu kama laki 1 na elfu 60, na ni juu ya mnunuzi. Mthamini wa serikali akiona nyumba ina thamani kubwa kuliko bei mliyoandika, mtalipa kwa hesabu yake. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu 2023, ni ya muuzaji. Msikubali iingizwe kwenu.

Kazi ya kwanza ya wakili wenu ni kufanya upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, si kuamini nakala aliyoleta dalali. Mwambieni asiishie kwenye jina la sasa, arudi nyuma mpaka ardhi ilipotolewa mara ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu ya kesi ya ploti ya ufukweni Nyali iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2023: mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini ploti ilikuwa imetolewa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo, na akaikosa. Kununua kwa nia njema hakukumwokoa. Pia, hapa Pwani tuna nyumba bila ardhi: kuta ni za mtu, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hakikisheni hati mliyoonyeshwa ni ya kiwanja hicho hasa. Mpimaji akitembea na ramani hadi kwenye bikoni, yaani alama za mipaka, mtajua siku hiyo hiyo.

Mkataba lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi, la sivyo mahakama haitausikiliza. Arubuni ya kawaida ni asilimia 10, kwenu laki 4, si 8. Isiingie mfukoni mwa muuzaji. Ikae kwenye akaunti ya wateja ya mawakili mpaka uhamisho ukamilike, na mkataba useme itarudishwa vipi mambo yakikwama. Salio litoke tu wakili wenu akishapata hati ya asili, fomu ya uhamisho iliyosainiwa na msimamizi, cheti cha kumaliza madeni ya kaunti, na kama kiwanja ni cha kukodi kutoka serikalini, cheti cha kodi ya ardhi pamoja na idhini ya kuhamisha.

Nendeni kwa wakili na nakala ya hati, vitambulisho, nambari zenu za kodi, na majina ya warithi wote mliowasikia. Kila mnacholipa kidaini risiti. Na muuzaji akiwaambia kuna mnunuzi mwingine anayengoja wiki hii, mwacheni amuuzie huyo.