Yule wa Bismillahi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: “Ni mwimbaji gani aliyetangulia mbele ya haki ambaye mpaka leo unamlilia, na kwa nini?” Najua wengi watawaandikia Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajab, na wana haki. Mimi namlilia Freddie Mercury wa bendi ya Queen, na namlilia nikiwa Mwanga, Kigoma, ambako wenzangu wa msiba huu hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Nilimjua kupitia kwa kaka yangu. Kaka alikuwa fundi redio, ana kibanda cha mbao jirani na soko, na mchana kutwa kibanda kile kilipiga rumba ya ng'ambo ya ziwa. Hiyo ndiyo waliyoitaka wateja, na Kigoma ya miaka ile bila rumba ya Zaire isingekuwa Kigoma. Jioni alirudi nyumbani na redio yake kwapani, ndipo alipoitia kanda aliyoipenda mwenyewe. Ilikuja ndani ya redio mbovu ya msafiri mmoja aliyeshuka treni ya Dar es Salaam. Msafiri alipopungukiwa pesa ya ufundi, alimwachia kaka ile kanda. Haikuwa na ganda, na maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kushikwashikwa. Kaka aliitunza kama yai. Kabla ya kuipiga alisafisha hedi kwa pamba na spiriti, na utepe ukilegea aliurudisha taratibu kwa kalamu ya Bic.

Kulikuwa na wimbo mmoja mrefu, karibu dakika sita. Unaanza mtu akiungama kwa mama yake kwamba ameua, kisha unageuka kuwa zogo la sauti nyingi zinazogombania roho yake, kisha gitaa linapasua kila kitu, na mwisho kunatulia kama ziwa baada ya upepo. Siku ya kwanza ulipopigwa, mama alikuwa uani anachambua dagaa. Katikati ya zogo lile aliuacha ungo.

“Huyo mzungu kasema Bismillahi?”

Kaka akarudisha kanda nyuma. Sauti ikasema tena. Mama akacheka mpaka akafunika uso kwa khanga. Tangu siku hiyo mwimbaji yule nyumbani kwetu hakuwa na jina jingine. Alikuwa yule wa Bismillahi.

Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Sisi hatukusikia. Bara hapakuwa na televisheni mpaka 1994, na kaka aliendelea kuipiga kila jioni sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Mwaka uliofuata kaka akaanza kukohoa. Mwaka 1993 tulimzika, ana miaka 27, mimi nimemaliza darasa la saba majuzi tu. Kwenye matanga waliulizwa wanaume barazani, wakajibu “kifua”. Wanawake jikoni walinong'ona kwamba amekanyaga miwaya. Mnajua neno hilo lilimaanisha nini: UKIMWI. Kwa mtu aliyekula kwa nyaya maisha yake yote, neno lile lilikuwa na ukatili wa peke yake, nami nililisikia nikiwa nimebeba sinia la vikombe.

Ilipita miaka. Tulipokuwa tunahamia nyumba nyingine, nilifungua kifuniko cha nyuma cha redio yake nione kama inafaa kutengenezwa. Ndani palikuwa na karatasi ya vipimo imekunjwa mara nne. Tarehe ilikuwa ya mwanzoni mwa 1992. Kwa hiyo alijua. Alikaa nayo mwaka na zaidi, anakula na sisi, anacheka na sisi, na hakumwambia mama wala mimi niliyekuwa namfulia mashuka. Sitaki kuficha hapa: nilimkasirikia. Nilimkasirikia marehemu kwa miaka, na hasira ya namna hiyo haina pa kuipeleka.

Nikiwa Dar es Salaam masomoni, ndani ya kafe ya intaneti, ndipo nilipomtafuta mwenye sauti ile. Nilisoma mpaka muda niliolipia ukaisha, nikalipia tena. Kumbe jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Kumbe alizaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi waliotoka Gujarat, baba yake akiwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa shule ya bweni India angali mdogo, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Kaka yangu alikufa hajui kwamba sauti aliyoipenda kuliko zote duniani ilizaliwa katika nchi yake mwenyewe. Hilo peke yake lilinitoa machozi mbele ya watu.

Halafu nikafika kwenye siku zake za mwisho. Kwa muda mrefu magazeti ya London yalimwinda, wapiga picha wamekaa nje ya nyumba yake, na yeye na wenzake wakikanusha. Mei 1991 alisimama mbele ya kamera kwa mara ya mwisho, amekonda, uso umepakwa poda nyingi, filamu ikatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Tarehe 23 Novemba akatoa taarifa: nimepimwa, nina UKIMWI, nilinyamaza ili kulinda faragha ya walio karibu nami. Kesho yake jioni akafa, kwa nimonia iliyoletwa na ugonjwa huo, ana miaka 45.

Siku moja tu! Wapo mashabiki waliomlaumu kwa hilo, kwamba angesema mapema angewasaidia wengine. Huenda. Lakini mimi niliposoma tarehe zile mbili, 23 na 24, kitu kilifunguka kifuani. Huyu ni mtu aliyesimama Wembley tarehe 13 Julai 1985 mbele ya watu wapatao 72,000, akaghani yeye peke yake bila ala na uwanja mzima ukamwitikia, kama mwimbishaji wa ngoma na kundi lake. Alikuwa na pesa, madaktari, na marafiki wa kufa na kuzikana. Naye aliogopa kulitamka neno lile mpaka alipobakiwa na siku moja. Basi fundi redio wa Mwanga, mwenye meza moja na mama mjane, angelitamkia wapi? Nilitoka pale kafe nikatembea kwa miguu mpaka Posta, na njia nzima nilikuwa namwomba kaka radhi.

Ndiyo maana simlilii Freddie kwa sababu ya Uzanzibari wake. Mjadala wa kwamba ni wetu au si wetu naupisha, maana aliondoka kijana wa miaka 17 na hakuwa na mazoea ya kututaja. Nimewahi kufika Shangani, kwenye nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa kwa jina lake mwaka 2019, siku ileile ya Novemba 24. Nilifurahi, nikapiga picha, nikaondoka.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi mashabiki wake walivyomlilia. Usiku ule na siku zilizofuata walifurika mlangoni kwake, mtaa wa Logan Place, na maua, mishumaa na barua, na kwa miaka mingi ukuta wake uliandikwa na kubandikwa maneno ya watu kutoka kila pembe ya dunia. Wimbo ule wa Bismillahi, “Bohemian Rhapsody”, ulitolewa upya Desemba ileile, ukashika tena namba moja Uingereza, na mapato yake yakapelekwa kwa shirika linalohudumia wenye virusi. Aprili 20, 1992 walijaza Wembley tena kwa ajili yake, na ugonjwa uliomwua ukatajwa jukwaani kwa jina. Mimi wakati huo nilikuwa nachota maji ya kuoga ya kaka, na nyumba nzima tunasema kifua.

Kaburi lake halijulikani. Mwili ulichomwa, na majivu akakabidhiwa Mary Austin, rafiki yake wa maisha, ambaye hajasema aliyaweka wapi. Mashabiki wake kwa hiyo huenda Montreux, Uswisi, mji alikorekodi sauti zake za mwisho. Tangu 1996 ipo sanamu yake pale, ameinua mkono, ameelekea ziwani. Sijafika. Ila usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakishawasha karabai na ziwa letu likawa kama mji, huwa najua ningesimama wapi kama ningefika.

Hapa tupo wanne: mimi, dereva mmoja wa lori, mwalimu mstaafu, na kijana fundi simu ambaye hakuwa amezaliwa Freddie alipokufa. Watu humwambia kijana huyu kwamba kumlilia mtu usiyemjua ni kujitafutia wazimu. Mimi simwambii hivyo. Kila Novemba 24 jioni hukaa uani kwangu, chai na mihogo, tunasikiliza. Ile kanda bado ninayo, ingawa utepe umevutika na sauti inayumba. Kwa hiyo hupiga kwenye simu.

Mwaka juzi mama alikuwepo. Ana zaidi ya miaka 80, macho yamepungua, masikio bado. Wimbo ulipofika pale pake alitabasamu, akauliza, “Yule wa Bismillahi huyo. Bado yupo?”

“Alikufa zamani, mama. Naye hakuwa mzungu, alizaliwa Unguja.”

“Alikufa na nini?”

Wenzangu walitazama chini. Nikasema, “UKIMWI, mama.” Miaka thelathini, na neno lile halijawahi kutamkwa mbele yake ndani ya nyumba yetu.

Alinyamaza mpaka wimbo ukakaribia mwisho. Akapapasa mkono wangu, akaushika.

“Kama mwanangu,” alisema. Kisha akasema, “Rudisha nyuma pale, tumsikie.”