Ukitolewa goita yote, kidonge ndiyo tezi yako

Huku Nyanda za Juu Kusini shingo iliyovimba haimshangazi mtu. Ardhi yetu ya milimani ina madini joto machache, na goita imewasumbua wazee wetu miaka mingi. Ndiyo maana mtu akiambiwa atatolewa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayovimba kuwa goita, hofu yake yote huenda kwenye kisu. Mimi nimetolewa yote. Kidonda kilipona vizuri. Ninalotaka ulijue mapema ni dawa.

Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari kama anatoa upande mmoja au tezi nzima. Ukibakiziwa upande mmoja, huenda usihitaji dawa kabisa. Ikitoka yote, utameza levothairoksini, kidonge cha homoni iliyokuwa ikitengenezwa na tezi hiyo, maisha yako yote, kwa hiyo ulizia mapema duka la dawa linaloiuza karibu nawe na bei yake.

Siku za mwanzo, midomo au vidole vikichonyota na misuli ikikaza, sema mara moja. Nyuma ya thairoidi kuna vitezi 4 vinavyosimamia kalsiamu, na upasuaji unaweza kuvilemaza. Shingo ikivimba ghafla au pumzi ikibana, hiyo ni dharura.

Kidonge kimezwe alfajiri kwa maji tu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima. Kwetu Uyole chai ya maziwa hutangulia kila kitu, basi waambie wa nyumbani wakuache kwanza. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vimeze angalau saa 4 baadaye.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Ukiacha dawa, huanguki kesho yake. Homoni hupungua taratibu kwa wiki kadhaa, na mtu hudhani amepona. Kisha unaanza kusikia baridi, uchovu, usingizi, choo kigumu. Mbeya mwezi wa Juni kila mtu amevaa sweta, nani atakushtukia? Baridi yako ikizidi ya wenzako, nenda ukapime TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni hiyo inakutosha. Hata dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipata ujauzito, wahi kliniki, maana dozi huwa inahitaji kuongezwa.

Atakuja jirani mwenye nia njema akwambie chumvi yenye madini joto inatosha. Chumvi hiyo wapikie watoto, inawakinga. Wewe huna tena tezi ya kuyatumia hayo madini. Meza kidonge chako.