Mawakala wanapiga simu badala ya kutumia tovuti

SWALI: Nina tovuti ya mawakala wa forodha hapa Mombasa. Inaonyesha kontena limefika wapi, gharama za kuhifadhi mzigo na viwango vya ushuru. Lakini bado wanatupigia simu kuuliza mambo yaliyomo mle mle. Fundi anasema niondoe majedwali, niweke picha kubwa, na kila kitu kipatikane kwa mibofyo mitatu. Nimkubalie? (Msomaji, Ganjoni)

JIBU: Dada, usimlipe kwanza.

Wakala huingia na nambari mkononi, mteja akimsumbua kwenye simu ya pili. Nambari ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya ukaguzi: hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Basi tovuti inaweza kumwambia hapo hapo kuwa kakosea herufi, si kumtupia "hakuna matokeo" akaishia kukupigia. Akiinakili kutoka kwenye barua pepe ikaja na nafasi au kistari, ipokee hivyo hivyo. Misimbo ya bidhaa nayo ni vivyo hivyo: ushuru wa Afrika Mashariki hutumia tarakimu nane, wengine huziandika na nukta, wengine bila.

Majedwali yaache. Hapa ndipo ninapokereka, maana kila wiki nasikia "watu wanataka wepesi". Watu gani? Mgeni huchoshwa na safu nyingi. Wakala mwenye makontena kumi anataka ayaone yote kwa pamoja, ayapange kwa tarehe, asifungue ukurasa mmoja mmoja. Ukimfichia, umemwongezea kazi. Na hiyo mibofyo mitatu, mtafiti wa matumizi ya tovuti Joshua Porter aliipima, akachapisha matokeo 2003: watu hawakuacha kwa kufika mbofyo wa nne. Mtu huvumilia kubofya akiona anakaribia anachotafuta.

Nenda ofisini kwa mawakala watano, uwape kazi yao ya kweli, ukae kimya utazame wanapokwama. Kimya kweli, usiwaelekeze.

Wauza njia za mkato wamezidi mjini. Wapo hata wanaouza mstari mmoja wa programu, eti ukiubandika tovuti itawafaa wasioona na kila mwenye ulemavu. Marekani, mwaka 2025, tume ya biashara iliiagiza kampuni moja ilipe dola milioni 1 kwa madai ya namna hiyo. Huku bado inauzwa, na malipo yake ni ya kila mwezi. Fundi yeyote akikuletea mchoro mpya, wako akiwemo, muulize ameketi na mawakala wangapi kabla hajachora.