Kombe la Wightman na Kombe la Fed ni mawili tofauti
Je, Kombe la Wightman, la tenisi ya wanawake, ndilo lililobadilishwa jina kuwa Kombe la Fed, la timu za taifa za wanawake? Hapana. Fed lilianza 1963, na yote mawili yakaendelea sambamba hadi 1989. Wightman, lililokuwa la wanawake wa Marekani na Uingereza tu, lilianza 1923 kule Forest Hills, New York, kwa kikombe cha fedha alichotoa Hazel Wightman, bingwa wa tenisi wa Marekani. Lilikufa kwa kukosa ushindani: Marekani ilishinda mara 51, Uingereza 10. Waingereza walishinda mara ya mwisho 1978, 4–3, ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kisha wakafungwa miaka 11 mfululizo. Ila mama Hazel anastahili heshima yake, maana tangu mwanzo alitaka mataifa mengi yashiriki, kama Kombe la Davis la wanaume.